Asiye na tanki anunue nini?

Kila jioni, mwishoni mwa taarifa ya habari, msomaji hutaja bei ya mafuta ghafi. Pipa la Brent, mafuta yanayotumika kupimia bei duniani, limefunga kwa dola kadhaa, limepanda au limeshuka, kisha tunaingia kwenye michezo. Msikilizaji mwenye akiba yake ndogo, aliyeisikia bei hiyo ikiwa chini ya dola 20 mwezi Aprili 2020 na kuisikia tena ikipita dola 120 mwezi Machi 2022, ana haki ya kukuna kichwa: mbona sikununua? Ndilo swali la mazungumzo yetu leo, na nalichukua kwa uzito, kwa sababu simu ya mkononi imelileta hadi kitandani. Zamani mtu wa Tabora au Kisii hakuwa na njia ya kuweka fedha kwenye mafuta hata angetaka. Leo njia ni nyingi, na zote zimebandikwa jina moja, mafuta, ingawa kila moja inauza kitu chake. Hoja yangu ni hii: mafuta ni mali ya mwenye pa kuyaweka. Asiye na tanki asinunue bei ya pipa. Akitaka kuingia, anunue kipande cha wenye visima na matanki, na hata hapo atazame kwanza maisha yake mwenyewe yamekaa upande gani wa bei hiyo.

Tuanze na mahindi, maana mahindi tunayajua. Nenda soko la Kibaigwa, Dodoma, wakati wa mavuno: gunia ni rahisi. Rudi Januari au Februari, kabla mahindi mapya hayajaingia: gunia ni ghali. Jambo hili halina siri, mkulima analijua, dalali analijua, mama lishe analijua. Sasa kama wote wanajua, kwa nini si wote wanaotajirika kwa kununua Julai na kuuza Januari? Kwa sababu kati ya miezi hiyo kuna ghala la kukodi, kuna dumuzi na dawa yake, kuna panya, unyevu, mlinzi, na riba ya mkopo ulionunulia mzigo. Ukiyatoa hayo yote, ile tofauti ya bei iliyokuwa ikimeremeta inabaki kiduchu, na mara nyingi anayekula hicho kilichobaki ni mwenye ghala. Mafuta ghafi yana tabia hiyohiyo, ila ghala lake ni tanki la chuma ambalo wewe na mimi hatuwezi kulijenga nyuma ya nyumba, na sheria isingeturuhusu hata tungeweza.

Bei inayosomwa redioni hutokana na soko la ahadi. Kwa mafuta ya Marekani, mkataba mmoja ni ahadi ya mapipa 1,000 yatakayokabidhiwa mwezi uliotajwa, katika mji mdogo wa Cushing, jimbo la Oklahoma, ambako mabomba mengi hukutana na matanki yamejipanga kama vifuniko vya chupa. Pipa moja ni lita 159, kwa hiyo mkataba mmoja ni lita 159,000, mzigo wa malori manne au matano ya yale yanayopanda mlima Kitonga kuelekea Zambia. Kiwanda cha kusafisha mafuta kinauhitaji mkataba huo, kwa kuwa kinataka kujua leo kitalipa nini miezi mitatu ijayo. Shirika la ndege linauhitaji pia. Mtu binafsi akiununua, anakuwa ameahidi kupokea kitu asichoweza kukipokea, na tumaini lake lote ni kumpata mwingine wa kumuuzia ahadi hiyo kabla siku haijafika. Tarehe 20 Aprili 2020, siku moja kabla mkataba wa Mei haujaiva, hakupatikana mnunuzi. Dunia ilikuwa imejifungia kwa sababu ya korona, magari yamesimama, ndege zimeegeshwa, na matanki ya Cushing ama yamejaa ama nafasi iliyobaki imekwisha kukodishwa. Bei ilianza siku ikiwa karibu dola 18, ikafunga kwenye dola 37.63 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba mwenye mkataba alimlipa mwenzake dola 37 na senti ili amwondolee pipa mikononi. Mwenye tanki tupu siku hiyo alipewa mafuta na akapewa fedha juu yake.

Waliolipa si matajiri wa New York peke yao. Nchini China, Bank of China ilikuwa imewauzia wateja wa kawaida bidhaa iliyofuata bei ya mkataba huo, ikinadiwa kama njia rahisi ya mtu mdogo kushika mafuta yalipokuwa rahisi. Wengi walijiunga kwa fikra ambayo kila mmoja wetu angekuwa nayo: bei imeshuka sana, itashuka wapi tena? Mikataba yao ilifungwa kwa bei ile ya chini ya sifuri, wakaambiwa kwamba akiba yao imekwisha na juu yake wanadaiwa. Baadaye benki ilibeba madeni hayo na sehemu ya hasara, na Desemba 2020 wasimamizi wa mabenki nchini humo waliitoza faini ya zaidi ya yuan milioni 50. Lakini kosa la kwanza lilikuwa katika wazo lenyewe la bidhaa ile. Ilichukua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wenye matanki, ikakigawa vipande vidogo, ikawauzia watu ambao chombo chao kikubwa cha kuhifadhia mafuta ni dumu la lita 20.

Atasimama mtu aseme: hilo lilitokea siku moja tu, na mara moja tu, usitutishe kwa ajali. Kweli. Kwa hiyo tuache ajali tutazame siku za kawaida, kwa kuwa hasara kubwa ya mafuta ya karatasi huvuja polepole bila kishindo. Mfuko unaojulikana kuliko yote wa aina hii ni United States Oil Fund, ambao madalali huutaja kwa herufi zake, USO. Unauzwa kama hisa, hauna deni, hauwezi kukudai zaidi ya ulichoweka. Mwaka 2009 pipa la Marekani lilianza mwaka likiwa karibu dola 45 na kuumaliza likiwa karibu dola 79, ongezeko la zaidi ya asilimia 75. Aliyeshika USO kuanzia Januari hadi Desemba mwaka huohuo alipata chini ya asilimia 20. Alibashiri sawasawa, na bado sehemu kubwa ya faida hakuiona. Hakuna aliyeiba. Kila mwezi mfuko uliuza mkataba unaokaribia kuiva, ili usiletewe mafuta mlangoni, ukanunua wa mwezi unaofuata, na huo wa mbele ulikuwa ghali zaidi kwa sababu matanki yalikuwa yamejaa na nafasi ilikuwa na kodi yake. Ndilo ghala la Kibaigwa lilelile, ila safari hii kodi inalipwa na mtu asiyejua kwamba amepanga. Haki inanitaka niseme upande wa pili pia: matanki yakiwa matupu na dunia ikihitaji mafuta leo kuliko kesho, mkataba wa mbele huwa rahisi kuliko wa sasa, na mvujo hugeuka kuwa nyongeza. Ndivyo ilivyokuwa 2021, mwaka ambao USO ilipanda kwa zaidi ya asilimia 60 wakati pipa lenyewe lilipanda kwa takriban 55. Kwa hiyo mfuko huu ni chombo halali kwa anayefuatilia kila wiki hali ya matanki ya Oklahoma na anayejua siku ya kutoka. Kwa mtu anayetaka kuweka akiba, aendelee na kazi yake, na kuitazama tena baada ya miaka mitano, haufai.

Ile programu ya simu inayokuambia unaweza kununua mafuta kwa dola 50 sitaipa muda mwingi. Hununui kitu pale. Unawekeana dau na dalali juu ya bei itakapoelekea, na yeye anakukuzia dau lako mara 10, mara 50, wakati mwingine zaidi, ili ushindi uonekane mkubwa. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya dhamana ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu binafsi kwenye dau za aina hiyo hupoteza fedha, ikaweka ukomo wa mara 10 kwa bidhaa kama mafuta. Hata kwa ukomo huo, bei ikikuendea kinyume kwa asilimia 10, umemaliza, na bei ya mafuta hutembea asilimia 10 ndani ya wiki moja bila hata kuandikwa gazetini. Anayekuahidi faida ya kila mwezi isiyobadilika kutokana na mafuta huyo hata dau hachezi. Anakula akiba yako na kumlipa aliyetangulia.

Tukiiacha bei tunaingia kwenye hisa za kampuni, na hapa napo jina moja limewafunika watu watatu tofauti: mtafutaji, mchuuzi na mzalishaji. Mtafutaji ndiye anayevuta macho, hasa kwetu, kwa kuwa visima vyake vimechimbwa karibu na nyumbani. Machi 2012, Tullow Oil, kampuni yenye asili ya Ireland iliyo kwenye soko la hisa la London, ilitangaza kupata mafuta katika kisima cha Ngamia-1 huko Turkana. Mwaka huo hisa yake iliuzwa kwa zaidi ya pauni 15. Agosti 2019 meli iitwayo Celestial iliondoka Mombasa ikiwa na mapipa 200,000 ya kwanza ya Kenya, ya majaribio, bendera zikipepea. Chini ya miezi minne baadaye, tarehe 9 Desemba, Tullow ilipunguza makadirio ya uzalishaji wake wa Ghana, mkurugenzi wake mkuu akaondoka, gawio likasimamishwa, na hisa ikapoteza zaidi ya theluthi mbili ya thamani yake kwa siku moja. Siku hiyo bei ya Brent haikufanya lolote la kutajwa; ilikaa palepale kwenye dola 60 na ushei. Baadaye kampuni iliuza sehemu yake ya Uganda kwa Total kwa dola milioni 575, na mwaka 2025 ikakubali kuuza ile ya Kenya kwa Gulf Energy kwa dola zisizopungua milioni 120. Walioishika hisa hiyo tangu siku za Ngamia-1 walikuwa sahihi kuhusu jambo moja, kwamba Turkana kuna mafuta. Kuwapo kwa mafuta ardhini na kuwapo kwa fedha mfukoni ni mambo mawili yaliyotenganishwa na barabara, bomba, kodi, siasa na miaka. Uganda iligundua mafuta yake ya Ziwa Albert mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022. Mtoto aliyezaliwa siku za kisima cha kwanza alikuwa amefika umri wa kidato cha nne kabla mkataba mkuu haujatiwa saini, na ada yake ya shule isingengoja. Na lile bomba kubwa la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, halina hisa ya kuuziwa mwananchi mmoja mmoja: limegawanywa kati ya TotalEnergies, ndiyo Total ileile, CNOOC ya China na mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania.

Mchuuzi yuko karibu zaidi. Sisi Tanzania kituo cha mafuta tunakiita sheli, hata bango lake likiwa la kampuni nyingine kabisa, na mtu anayefungua pochi pale kila siku huona kama ndipo mafuta yanapozaa fedha. Lakini mwenye sheli halipwi kwa bei ya pipa. Analipwa senti chache juu ya kila lita, na senti hizo zimewekewa ukomo: mdhibiti wa nishati wa Tanzania, EWURA, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kule Kenya mwenzake, EPRA, hutangaza kila tarehe 14. Pipa likipanda, mchuuzi anahitaji mtaji mkubwa zaidi kununua lita zilezile, na anaweza hata kuumia. KenolKobil, iliyokuwa kwenye soko la hisa la Nairobi, ilipata hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 6 za Kenya mwaka 2012, mwaka ambao Brent ilikaa juu ya dola 100 kwa wastani. Iliumizwa na hasara za kubadilisha fedha za kigeni na mikataba ileile ya bei ya baadaye ambayo ilikusudiwa kuikinga. Wenye hisa waliovumilia walikuja kupata ahueni 2019, Rubis ya Ufaransa ilipowanunua wote kwa shilingi 23 kwa hisa na kuiondoa kampuni sokoni. Walipata faida, ndiyo, ila iliwajia kwa kununuliwa, bei ya mafuta haikuwa na mkono hapo. Bomba la ndani nalo ni hivyohivyo. Mwaka 2025 Bunge la Kenya lilipitisha mpango wa kuuza asilimia 65 ya Kenya Pipeline, kampuni inayosukuma petroli na dizeli kutoka Mombasa kwenda bara. Inalipwa kwa ujazo na umbali, kwa nauli inayoidhinishwa na EPRA, kama lori linavyolipwa. Pipa likiwa dola 40 au dola 140, nauli haibadiliki. Anayetaka kipato cha utulivu anaweza kuipenda kampuni ya namna hiyo, mradi asijidanganye kwamba amenunua mafuta. Amenunua barabara.

Anabaki mzalishaji mkubwa, mwenye visima vinavyotoa, matanki, meli na viwanda vya kusafishia. Huyu ndiye mwenye ghala. Tazama Exxon Mobil. Mwaka 2020 ilipata hasara ya dola bilioni 22.4, na Agosti mwaka huo ikaondolewa kwenye orodha ya kampuni 30 za Dow Jones ilimokuwa imekaa tangu 1928. Hisa yake ilikuwa imegusa karibu dola 31. Hata hivyo iliendelea kulipa gawio kila robo mwaka, na mwaka 2022 ilipata faida ya dola bilioni 55.7, hisa ikafunga mwaka ikiwa karibu dola 110. Mtu aliyeshika pipa la karatasi mwaka 2020 alikuwa akilipa kodi ya tanki asiloliona, na pipa lenyewe halikumpa chochote akiwa anangoja. Aliyeshika hisa alikuwa akilipwa kungoja. Hapo ndipo tofauti ilipo, nami naiona kubwa kuliko tofauti nyingine yoyote kati ya njia hizi. Utasema, lakini hisa haziifuati bei ya mafuta sawasawa. Hazifuati. Mzalishaji akiona bei imekuwa mbovu hufunga visima vya gharama, huahirisha uchimbaji, hujaza matanki yake na kungoja, na uwezo huo wa kuchagua ndio unaoununua. Ila pamoja nao unanunua pia makosa ya wakubwa wa kampuni. Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka kwenye Ghuba ya Mexico, ukaua wafanyakazi 11, na ndani ya miezi michache hisa ya BP ikapoteza karibu nusu ya thamani na gawio likasimamishwa, kwa sababu isiyotokana na bei ya mafuta. Shell nayo, Aprili 2020, ilikata gawio lake kutoka senti 47 hadi senti 16, mara ya kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo mwenye akiba ndogo asichague bingwa mmoja. Achukue mfuko wa hisa unaobeba wazalishaji wengi kwa pamoja, wenye ada ndogo, kupitia dalali aliyesajiliwa na mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yake, na Mtanzania anayeishi nchini aulize kwanza masharti ya kupeleka fedha nje.

Kuna mambo mawili ya mfukoni ambayo matangazo huyaruka. Serikali ya Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo, na Tanzania na Kenya hazina. Uingereza haikati kodi hiyo kwenye gawio la kampuni kama Shell na BP. Kwa mtu anayeingia kwa ajili ya gawio, hiyo ni tofauti ya karibu theluthi moja ya mavuno kabla hajafanya kosa lolote. La pili ni dola yenyewe. Mkenya aliyenunua hisa za nje Januari 2024, dola ikiwa karibu shilingi 160, aliumaliza mwaka dola ikiwa karibu 129. Hisa ingehitaji kupanda karibu robo ili tu arudishe shilingi zake.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mafuta yanaelekea jioni. Magari ya umeme yanaongezeka, dunia imeahidi kupunguza moshi, na mwaka 1980 kampuni za nishati zilikuwa zaidi ya robo ya thamani ya kampuni 500 kubwa za soko la Marekani, lakini kufikia mwisho wa 2020 zilikuwa chini ya asilimia 3. Mwenye kuona kwamba si halali kwake kuchuma kutokana na moshi huo ana hoja isiyohitaji hesabu, na simbishii. Kwa mwenye kuuliza faida tu, biashara inayozeeka inaweza kulipa vizuri kwa muda mrefu, kwa sababu fedha ambayo ingechimba visima vipya hurudishwa kwa wenye hisa. Hatari ni kununua kwa bei ya ujana. Lakini mfano unaonifundisha zaidi unatoka Norway, nchi iliyotajirika kwa mafuta na kuiweka akiba yake katika mfuko mkubwa wa taifa. Novemba 2017 benki kuu ya nchi hiyo ilishauri mfuko uuze hisa za mafuta, na sababu iliyotolewa haikuwa moshi wala mwisho wa mafuta. Ilisema kwamba nchi ambayo kipato chake tayari kinasimama juu ya mafuta haina haja ya kuweka na akiba yake hukohuko. Mwaka 2019 serikali iliukubali ushauri huo kwa sehemu: iliamua mfuko uachane na kampuni za utafutaji na uchimbaji pekee, ikabakiza kubwa kama Shell na BP.

Hesabu hiyo ya Norway inaweza kufanywa na nyumba moja. Tuna ndugu wengi wenye asili ya Zanzibar na Mrima wanaoishi Muscat na kufanya kazi huko. Oktoba 2024 serikali ya Oman iliuza robo ya kampuni yake ya uzalishaji, OQ Exploration and Production, kwa baisa 390 kwa hisa, ikakusanya kama dola bilioni 2, mauzo makubwa kuliko yote katika historia ya soko la Muscat. Siku ya kwanza sokoni hisa ilishuka chini ya bei hiyo. Kushuka kwa siku moja si hoja. Kampuni ina visima vinavyotoa. Hoja ni kwamba mtumishi wa serikali ya Oman anapokea mshahara unaotegemea mafuta, nyumba yake ina thamani kwa sababu ya mafuta, na ajira ya mwanawe itategemea mafuta. Bei ikiporomoka kama ilivyoporomoka kutoka zaidi ya dola 110 Juni 2014 hadi chini ya dola 30 Januari 2016, vyote vinatikisika kwa pamoja. Huyu akiongeza hisa za mafuta anaweka mayai mengine kwenye tenga lilelile.

Dereva wa bajaji wa Mbagala amekaa upande wa pili kabisa. Pipa likipanda, yeye anapungukiwa. Kwake hisa za mzalishaji zingekuwa kinga, zikipanda wakati petroli inampandia. Lakini tufanye hesabu kabla hatujamshauri. Tuseme anatumia shilingi 300,000 za petroli kwa mwezi, na bei ikapanda kwa asilimia 20: ameongezewa mzigo wa shilingi 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka. Ili hisa zilizopanda kwa asilimia 20 hiyohiyo zimfidie mwaka mmoja, awe ameweka shilingi milioni 3.6. Akitaka kufidiwa kwa gawio peke yake, na gawio likawa asilimia 4, awe ameweka milioni 18. Mtu mwenye milioni 18 za kuweka pembeni haendeshi bajaji ya mkataba. Hapo Dar es Salaam, wenzake wengi wamekwisha kufunga mtungi wa gesi asilia, ile inayotoka Songo Songo na Mtwara, na kupunguza matumizi ya petroli kila siku wanayoingia barabarani, bei ipande isipande. Kwa fedha aliyo nayo yeye, mtungi huo unamkinga na bei ya pipa kuliko hisa yoyote niliyoitaja jioni hii, ingawa hakuna dalali wa hisa atakayemwambia hivyo, maana mtungi haumletei dalali huyo kamisheni.